Namba 379 ilitoka wapi? Makadirio mabovu na hoja za majedwali ya nje

*Swali: Nafanya kazi katika kitengo cha tehama cha chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Hadi mwezi wa tatu data yetu yote ilikuwa kwenye seva moja ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata), toleo la 15. Kisha jedwali la miamala, lenye rekodi milioni 30, likahamishiwa seva nyingine upande wa pili wa jiji, na sasa tunalisoma kama jedwali la nje, yaani jedwali ambalo data yake iko kwenye seva nyingine, kupitia kiunganishi kiitwacho postgres_fdw. Ripoti yetu ya kila asubuhi huchukua akaunti zilizochelewesha mikopo, kama 60 hivi, na kuorodhesha akaunti, wakati na kiasi cha kila muamala wa siku 30 zilizopita. Zamani ilichukua sekunde 3, siku hizi inakaribia nusu saa. Cha ajabu ni kwamba EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa kutekeleza hoja (query, yaani ombi la data), inaonyesha gharama isiyofika 200, na kwenye jedwali la nje inasema rows=379, yaani inakadiria rekodi 379. Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi kati ya seva hizi mbili, ni milisekunde 5. Mwenzangu anashikilia kwamba gharama ikiwa ndogo hoja ni nzuri, kwa hiyo kosa ni la mtandao, na wakubwa wameanza kuulizia bei ya laini yenye kasi zaidi. Mwalimu, tutoe hizo pesa?*

Msitoe pesa hizo bado. Muda wenu unapotelea njiani kweli, na hapo mwenzako ameona sawa, lakini njia haikujituma yenyewe kubeba mzigo mkubwa namna hiyo. Aliyeituma ni kipangaji cha hoja kilichoko kwenye seva yenu, yaani sehemu ya PostgreSQL inayochagua jinsi ya kutekeleza hoja, na kiliituma kwa sababu ya namba ambayo wewe mwenyewe umeiandika katika swali lako bila kuitilia shaka: 379. Ukijua namba hiyo ilitoka wapi, mengine yote uliyoniuliza yatakuwa mepesi kuyaelewa, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo na nikae hapo kidogo.

Kwanza, hiyo gharama isiyofika 200 si sekunde, wala milisekunde, wala kipimo chochote unachoweza kukihesabu kwa saa ya ukutani. Ni alama za kulinganishia tu. PostgreSQL huchukulia kwamba kusoma ukurasa mmoja wa diski kwa mfululizo ni alama 1, kuuruka na kuusoma ukurasa popote ulipo ni alama 4, na kushughulikia rekodi moja katika prosesa ni alama 0.01, kisha hujumlisha alama hizo kwa kila mpango unaowezekana na kuchagua wenye jumla ndogo. Utaratibu huu ni wa tangu mwaka 1979, Patricia Selinger na wenzake wa IBM walipoueleza kwa mfumo wao wa System R, na umedumu kwa sababu unafaa. Lakini jumla ndogo humaanisha tu kwamba kipangaji kinaamini kazi ni ndogo. Kama kinachoaminiwa ni uongo, gharama ndogo ni uongo ule ule ulioandikwa kwa desimali mbili.

Sasa tuitazame 379. Jedwali la kawaida, lililo kwenye seva yako, lina takwimu zake: idadi ya rekodi, thamani zinazojirudia zaidi, mtawanyo wa tarehe. Takwimu hizo huhuishwa na mtumishi wa nyuma anayeitwa autovacuum bila wewe kuagiza. Jedwali la nje halina bahati hiyo. Autovacuum hairuhusiwi kuendesha ANALYZE, amri ya kukusanya takwimu hizo, juu yake, na kama hakuna mtu aliyeiendesha kwa mkono, kipangaji hakijui lolote kuhusu ukubwa wake. Badala ya kukataa kufanya kazi, postgres_fdw hufanya dhana: hujifanya kwamba jedwali lina kurasa 10. Ukurasa ni baiti 8,192, kwa hiyo kurasa 10 ni baiti 81,920. Kisha hugawanya kwa upana unaodhaniwa wa rekodi moja. Ripoti yenu inataja safu tatu. Namba ya akaunti, ikiwa ni bigint (namba nzima), ni baiti 8. Wakati ni baiti 8. Na kiasi, ikiwa ni numeric (namba ya desimali) isiyowekewa mipaka, hukadiriwa baiti 32. Jumla 48, ongeza baiti 24 za kichwa cha rekodi, unapata 72. Gawanya 81,920 kwa 72, ukiacha masalio, unapata 1,137.

Bado kuna sharti la siku 30. Kwa kuwa hakuna takwimu za safu ya wakati, kipangaji hutumia dhana nyingine iliyokaririwa: sharti la «kubwa kuliko» hupitisha theluthi moja ya rekodi. Theluthi ya 1,137 ni 379.

Ndiyo hiyo namba yako. Haikupimwa kwenye seva ya pili wala haina uhusiano wowote na miamala ya wanachama wenu. Jedwali lingekuwa na rekodi 5 au bilioni 5, EXPLAIN ingekuandikia 379 ile ile. Ninapokagua mfumo wenye majedwali ya nje, kitu cha kwanza ninachotafuta ni namba za aina hii, namba ndogo zinazopendeza kwenye jedwali ambalo kila mtu ofisini anajua ni kubwa, na nikiona moja sihangaiki na gharama iliyoandikwa kando yake.

Kipangaji kinachodhani kinaleta rekodi 1,137 kutoka ng'ambo hakioni sababu ya kuhangaika. Ni kama mtu aliyeambiwa kuna kabeji chache za kuchukua sokoni Marikiti. Atatuma boda, hatauliza habari za lori. Endesha amri hii uone kilichotumwa:

EXPLAIN (ANALYZE, VERBOSE) ikifuatiwa na hoja yenu ya ripoti.

Kumbuka kwamba ANALYZE ndani ya EXPLAIN, tofauti na ile ya takwimu, huendesha hoja kweli kweli, kwa hiyo subirini hiyo nusu saa, na msiitumie hivyo hivyo juu ya UPDATE au DELETE, amri za kubadilisha na kufuta data. Matokeo yakija, tafuta mstari ulioandikwa Remote SQL. Huo ndio ujumbe halisi uliokwenda kwenye seva ya pili, na nina hakika kubwa kwamba utakuta kitu kama hiki:

SELECT akaunti, wakati, kiasi FROM public.miamala

Soma tena mstari huo. Hauna WHERE, neno linalotangulia masharti. Sharti la siku 30 halikusafiri. Kama wengi wetu, nadhani mmeandika wakati > now() - interval '30 days', na postgres_fdw hutuma ng'ambo masharti yale tu ambayo inaweza kuhakikisha yatatoa jibu lile lile pande zote mbili. Saa ya seva moja si lazima ilingane na ya nyingine, kwa hiyo now() hubaki nyumbani, na sharti lote hubaki nayo. Matokeo ni kwamba rekodi zote milioni 30 zinaletwa Nairobi hadi Nairobi, kisha zinachujwa mlangoni kwenu. Mstari wa Rows Removed by Filter utakuonyesha ni ngapi zilisafirishwa ili zitupwe.

Zinasafirishwaje? Kwa mafungu ya rekodi 100, kwa sababu ndiyo thamani ya kawaida ya fetch_size. Rekodi milioni 30 kwa mafungu ya 100 ni safari 300,000. Kila safari, kwenda na kurudi, ni milisekunde 5. Zidisha: sekunde 1,500, yaani dakika 25 za kusubiri tu, hata kabla ya kuhesabu muda wa kusoma na kufungasha rekodi zenyewe. Nusu saa yenu ndiyo hiyo. Laini yenye upana mkubwa zaidi isingepunguza hizo milisekunde 5, kwa kuwa wingi wa safari ndio unaowaumiza.

Hapo wengi hukimbilia kupandisha fetch_size hadi 5,000, na ni kweli safari zitashuka hadi 6,000 na kusubiri kushuke hadi sekunde 30. Sikatai kuipandisha. Lakini mtakuwa mmeagiza lori la kubebea mzigo usiohitajika, na mwaka ujao jedwali likiwa na rekodi milioni 60 mtaniandikia tena.

Kuna jambo jingine ambalo nimeona likiwapotezea watu wenye uzoefu siku nzima. Watu wakishajua kwamba takwimu hazipo, huendesha ANALYZE juu ya jedwali la nje, huona makadirio yamenyooka na kuwa milioni 30, kisha hushangaa kwamba hoja bado inaleta kila kitu. Sababu iko ndani kabisa ya postgres_fdw. Mpango mnaoutaka nyinyi ni huu: chukua akaunti ya kwanza kati ya zile 60, nenda ng'ambo ukaulize miamala yake peke yake kwa kutumia faharasa iliyoko kule, rudi, chukua ya pili, na kadhalika. Mpango wa namna hiyo postgres_fdw haiutengenezi kabisa ikiwa use_remote_estimate, mpangilio wa kuiuliza seva ya pili makadirio yake, imezimwa, na kwa kawaida imezimwa. Haijui kama kule kuna faharasa, haijui swali la akaunti moja lingegharimu nini, kwa hiyo haikiletei kipangaji mpango huo hata ulinganishwe na mingine. Takwimu sahihi zitasaidia kuchagua vizuri kati ya mipango iliyopo mezani, lakini haziwezi kuchagua mpango ambao haukuwekwa mezani.

Tena kwenu nyinyi wa toleo la 15, ANALYZE ya jedwali la nje ina bei yake: huleta jedwali zima kupitia mtandao ili kuchukua sampuli ya rekodi 30,000 hapa nyumbani. Kuanzia toleo la 16 sampuli huweza kuchukuliwa kule kule ng'ambo, na kwa sababu hiyo peke yake ningewashauri mpange kupanda toleo. Kwa sasa, mkitaka kuiendesha, iwe usiku wa Jumamosi.

Basi mfanye nini? Mimi ningeanza na kile kisichodai ruhusa ya mtu yeyote, yaani kuandika upya hoja. Badilisha sharti la wakati liwe hivi:

wakati > (SELECT now() - interval '30 days')

Kwa kuiweka ndani ya SELECT ndogo, thamani hukokotolewa mara moja hapa nyumbani, na kinachotumwa ng'ambo ni tarehe iliyokwisha kupatikana. Sharti litasafiri. Tuseme miamala yenu ya siku 30 ni laki tisa. Safari zitashuka kutoka 300,000 hadi 9,000, ambazo ni sekunde 45. Kisha ongeza la pili:

akaunti = ANY (ARRAY(SELECT akaunti FROM mikopo_iliyochelewa))

Hapa orodha ya akaunti 60 hukusanywa kwanza na kutumwa yote kwa mkupuo, na seva ya pili hutumia faharasa yake na kurudisha miamala ya akaunti hizo tu. Kwa ripoti yenu hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haitegemei kipangaji kikadirie vizuri: sharti linaloweza kutumwa hutumwa, makadirio yawe mazuri au mabaya. Ubaya wake ni kwamba kila atakayeandika ripoti mpya lazima akumbuke kuandika hivyo, na orodha ikiwa ya maelfu mengi ya akaunti inakuwa mzigo yenyewe.

Njia ya pili inarekebisha kipangaji chenyewe:

ALTER FOREIGN TABLE miamala OPTIONS (ADD use_remote_estimate 'true');

Tangu hapo, kila hoja inapopangwa, seva yenu itatuma EXPLAIN kwenye seva ya pili na kuuliza: hili lingekugharimu nini, na ungerudisha rekodi ngapi? Sasa mpango wa akaunti moja moja utawekwa mezani. Kwa akaunti 60, kila moja ikidai safari tatu za kufungua, kuchukua na kufunga, ni safari 180, chini ya sekunde moja. Gharama yake ni safari za ziada wakati wa kupanga, ambazo kwa ripoti ya asubuhi hazina uzito, ila kwa hoja fupi zinazoendeshwa mara mia kwa sekunde zingewasumbua. Ndiyo maana nimeiweka kwenye jedwali moja badala ya seva nzima.

Lakini tafadhali usiondoke hapa ukidhani umeponya kila kitu. Jibu la ng'ambo ni zuri kadiri takwimu za ng'ambo zilivyo nzuri. Jedwali lenu lilihamishwa. Uliza kama ANALYZE iliendeshwa kule baada ya kuhama, kwa maana katika toleo lenu takwimu hazisafiri pamoja na data. Vilevile, alama za gharama za kule hupigwa kwa mizani ya kule. Kama msimamizi wa seva ya pili ameshusha random_page_cost, ile alama 4 ya kuruka na kusoma ukurasa popote, hadi 1.1 kwa sababu ana diski za SSD, na kwenu ni 4, basi kipangaji chenu kinajumlisha shilingi za Kenya na shilingi za Uganda katika safu moja bila kuuliza kiwango cha kubadilisha. Idadi ya rekodi iliyokuja kutoka kule unaweza kuiamini. Alama za gharama ziangalie kwa jicho la pembeni.

Mizani nyingine ya kunyoosha ni fdw_tuple_cost, ambayo ni gharama ya kusafirisha rekodi moja kupitia mtandao. Kwenye toleo la 15 ni 0.01, yaani sawasawa na kushughulikia rekodi iliyokwisha kufika kwenye kumbukumbu ya seva. Nani kati yetu anaamini kwamba kuvusha rekodi jiji zima ni sawa na kuigusa ikiwa mkononi? Waendelezaji wenyewe waliliona hilo, na kuanzia toleo la 17, la mwaka 2024, thamani ya kawaida ni 0.2. Nyinyi mnaweza kuiweka kwa mkono, lakini hii huwekwa kwenye seva ya nje wala si kwenye jedwali:

ALTER SERVER jina_la_seva OPTIONS (ADD fdw_tuple_cost '0.2');

Ninaitaja mwisho kwa makusudi. Mwaka 2015 Viktor Leis na wenzake walipima mifumo kadhaa ya hifadhidata kwa data ya filamu ya IMDb, wakakuta kwamba mipango mibovu hutokana na makosa ya kukadiria idadi ya rekodi kuliko makosa ya fomula ya gharama, na kwamba makosa hayo hukua kadiri majedwali yanavyounganishwa. Uzoefu wangu unakubaliana nao kabisa. Nyoosheni idadi kwanza, bei baadaye.

Na idadi inaweza kupotoka upande wa nyumbani pia. Kampuni moja ya mikopo hapa mjini iliniita kwa sababu, baada ya kuwasha use_remote_estimate, ripoti moja iliharakika na nyingine ikadoda. Nilikaa na kijana wao mbele ya kioo, tukasoma mpango kuanzia chini kwenda juu. Orodha ya wateja ilikuwa imemiminwa kwenye jedwali la muda, ambalo autovacuum haiwezi kulifikia. Kipangaji kilidhani lina wateja mia chache, kumbe walikuwa 20,000. Kikachagua kwenda ng'ambo mteja mmoja mmoja. Safari tatu kwa wateja 20,000, kwa milisekunde 5 kila moja, ni dakika tano za kusubiri, mahali ambapo kuleta kila kitu kwa mkupuo kungechukua muda mfupi zaidi. Dawa ilikuwa neno moja, ANALYZE, mara tu baada ya kujaza jedwali la muda. Kijana yule alinyamaza kidogo, kisha akaniambia wameishi na tatizo hilo tangu mwaka uliotangulia. Iliniuma kusikia.

Kuna pia njia ya kutokwenda ng'ambo asubuhi kabisa. Kama ripoti yenu inaridhika na miamala hadi jana usiku, nakala ya siku 30 iliyotengenezwa kwa CREATE MATERIALIZED VIEW na kuhuishwa saa tisa usiku, ikiwa na faharasa yake na takwimu zake, itawarudishia zile sekunde 3. Mtakosa miamala ya alfajiri. Ni nyinyi mnaojua kama afisa wa mikopo anaweza kumpigia simu mwanachama aliyelipa saa kumi na moja asubuhi.

Tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana ukiona mojawapo ya hali hizi. Makadirio ya rekodi yamekaribiana na hali halisi lakini muda bado ni mrefu. Hapo shaka ihamie kwenye kufuli za seva ya pili au kwenye mtandao wenyewe, na mhandisi wa mtandao aitwe. Mpango unabadilika siku hadi siku bila hoja kubadilika. Seva ya pili si PostgreSQL, maana kila kiunganishi kina tabia yake ya kukadiria na niliyoyasema juu ya 379 hayatahusu. Au mabadiliko yanagusa seva inayosimamiwa na watu wengine, ambao wana haki ya kujua kwamba kuanzia kesho mtakuwa mnawatumia EXPLAIN kila ripoti inapopangwa.

Ukienda kwa mtu huyo, mpelekee matokeo kamili ya EXPLAIN (ANALYZE, VERBOSE, BUFFERS) kutoka kwenu, na ya ile Remote SQL ikiendeshwa moja kwa moja kule ng'ambo. Kabla ya kuyatuma kwa barua pepe au kuyabandika popote, pitia kila mstari uondoe namba za akaunti na majina yaliyomo ndani ya masharti, kwa maana mpango wa hoja hubeba thamani ulizoziandika, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahesabu wanachama wenu hata ndani ya EXPLAIN.